"There" ni "pale" au ni "kuna"? Naomba ufafanuzi wa kina

Mhariri wa Ripoti ameuliza:

Wakuu, heshima kwenu.

Naomba msaada kuhusu neno "there". Kamusi nyingi zinalieleza kwa "pale, huko, kule" na kuishia hapo. Ukikutana nalo kwenye ripoti za Kiingereza tunazoandika sisi Waswahili, maana hiyo haitoshi, kwa sababu mara nyingi limewekwa mahali pa "kuna". Hizi ni sentensi za aina inayojirudia kwenye ripoti za miradi ya kilimo:

1. "There is many farmers who have registered."
2. "There are farmers came to the meeting."
3. "In the village there is far from the hospital."
4. "We went to there on Monday."
5. "There is cold at night."
6. "In the store has ten bags of maize."

Zote zinaeleweka ukizisoma kwa masikio ya Kiswahili, na zote zina kosa. Sihitaji masahihisho peke yake. Nahitaji sababu, ili nikiandika maelezo pembeni mwandishi aelewe na asirudie. Je, kuna kipimo cha haraka cha kutenganisha "there" ya pale na "there" ya kuna?

---

Mwalimu Darasa la Jioni amejibu:

Mkuu, swali zuri, na mzizi wake uko kwenye Kiswahili chenyewe. Tuanzie huko.

"Kuna" imeundwa na viungo viwili: "ku" ya mahali na "na" ile ile ya "nina", "una", "ana". Ukisema "kuna maji", kiima chako ni mahali: mahali pana maji. Ndiyo maana tuna pana, kuna na mna, kutegemea kama ni mahali mahususi, mahali pa jumla au ndani. Kiingereza hakina kiambishi cha mahali kinachoweza kuwa kiima. Kinachofanya ni kuweka "there" kwenye nafasi ya kiima, halafu kitenzi "be", halafu ndicho kitu kinachotajwa. Hiyo "there" haionyeshi mahali popote. Imeshika nafasi tu, kwa kuwa sentensi ya Kiingereza haikubali kukaa bila kiima.

Kwa hiyo ni maneno mawili yenye sura moja. Vipimo vyake ni hivi.

Cha kwanza ni mkazo. "There" ya pale hutamkwa kwa uzito: "The well is there." Ile ya kuna hufifia kabisa, hasa ikifuatwa na "is", hadi inabaki kama "dhaz". Soma sentensi kwa sauti. Ukiona unaweza kunyoosha kidole wakati wa kuitamka, hiyo ni pale.

Cha pili ni swali. Ile ya kuna huruka nyuma ya kitenzi kama kiima chochote: "Is there a doctor?" Hata kwenye kiulizi cha mwisho inajirudia: "There is a doctor, isn't there?" Ile ya pale haisogei: "Is the doctor there?" Tofauti yake kwa Kiswahili iko wazi: "Kuna daktari?" ni kuuliza kama yupo daktari yeyote, "Daktari yupo?" ni kumuulizia daktari mnayemjua wote wawili. Hapa ndipo penye kosa la watu wengi mapokezini, "Is there the manager?" Meneja anajulikana, kwa hiyo sema "Is the manager there?" au "Is the manager in?"

Cha tatu ndicho kinachomaliza ubishi: zote mbili zinaweza kukaa sentensi moja. "There is a well there." Pana kisima pale. Kama lingekuwa neno moja lenye maana moja, kulirudia hivyo kusingekuwa na kazi.

Sasa sentensi zako.

Ya kwanza. "Kuna" haibadiliki: kuna mtu, kuna watu, kuna ng'ombe, kuna mti. Kiingereza kinataka kitenzi kifuate nomino inayokuja baada yake, ingawa iko mbele ya safari. "There are many farmers." Mwandishi akiandika "there", asimamishe kalamu mpaka ajue nomino yake ni umoja au wingi. Mtego mkubwa uko kwenye nomino zisizohesabika. Tunasema "kuna taarifa nyingi" na akili inaona wingi, lakini ni "There is a lot of information." Vivyo hivyo "equipment", "furniture", "luggage", "advice", "news", "work" katika maana ya kazi kwa jumla. Zote ni "there is", hata vikiwa vifaa mia. Ukitaka kuhesabu, hesabu vipande: "There are three pieces of equipment."

Ikiwa vitu ni mchanganyiko, waandishi wengi hufuata kilicho karibu na kitenzi: "There is a table and four chairs", lakini "There are four chairs and a table."

Ya pili ni kosa la kuhamisha muundo. "Kuna wakulima walikuja" inakubalika kwetu, vitenzi viwili vinakaa pamoja bila shida. Kiingereza kinadai kirejeshi, hapa "who": "There were farmers who came to the meeting." Ila hiyo nayo ni nzito. "Kuna watu" yetu mara nyingi maana yake ni "baadhi ya watu", kwa hiyo sentensi bora ni "Some farmers came to the meeting." Ukikuta "There are people say that...", ibadilishe moja kwa moja iwe "Some people say that..."

Ya tatu na ya tano ni ugonjwa mmoja. Sisi tunasema kuna baridi, kuna joto, kuna giza, kwa sababu baridi, joto na giza ni nomino. Kwa Kiingereza "cold", "hot", "dark" katika sentensi hizi ni vivumishi, na "there is" haikai na kivumishi kitupu. Hali ya hewa, giza, umbali na muda vinachukua "it": "It is cold at night." "It is dark in here." "It is a long way to the hospital." Sentensi yako ya tatu inanyooka zaidi hivi: "The village is far from the hospital." Nomino halisi ikiwepo, "there" inarudi: "There was thick fog", "There was a strong wind."

Ya nne inashangaza, kwa kuwa Kiswahili kingetuokoa. Hakuna anayesema "tulikwenda katika kule". Tunasema "tulikwenda kule", na "We went there" ni hivyo hivyo. Kosa linatokana na kukariri "go to" kama neno moja. "There" imeshabeba "to" ndani yake, kama zilivyo "here", "home", "abroad" na "upstairs". Ila "from there", "near there", "over there", "in there" ni sahihi, kwa sababu hivyo vihusishi vinaongeza maana ambayo "there" haina.

Ya sita. "Stooni mna magunia kumi": stooni ni kiima, inafaa kabisa. "In the store" haiwezi kuwa kiima cha "has". Chagua moja kati ya tatu: "The store has ten bags", "There are ten bags in the store", au ukitaka mahali patangulie, "In the store there are ten bags."

---

Kibao Chekundu amejibu:

Mwalimu amemaliza kazi kubwa. Naongeza njeo, yaani nyakati za kitenzi, maana huko ndiko "na" inakochanganya watu zaidi.

Kulikuwa na ni "there was" au "there were". Kutakuwa na ni "there will be". Kumekuwa na ni "there has been" au "there have been". Kungekuwa na ni "there would be". Zamani palikuwa na, kwa maana kwamba sasa hakipo, ni "there used to be". Lazima kuna ni "there must be". Inaonekana kuna ni "there seems to be" kwa umoja na "there seem to be" kwa wingi. Huyo "seem" naye anabadilika, na wengi wanamsahau.

Makosa mawili ya kuwinda kwenye ripoti:

"There had a meeting." Mwandishi amesikia "na" ya "kulikuwa na" akaifanya "have". Siyo. "There was a meeting."

"There is no any water." Hili limeenea Tanzania na Kenya, linatokana na "hakuna maji yoyote". "No" tayari ni "not any", kwa hiyo ukiweka zote mbili umekanusha kwa "no" kisha ukaongeza nusu ya kanusho lingine. Sema "There is no water" au "There isn't any water". Vilevile "There isn't nothing" iwe "There is nothing."

---

Mfasiri wa Mombasa amejibu:

Nyote mmetoka Kiswahili kwenda Kiingereza. Safari ya kurudi ina matatizo yake, na naomba wahariri wasiisahau.

Kiingereza cha leo kina "here" na "there" basi. Sisi tuna seti tatu: karibu na msemaji, karibu na msikilizaji au palipokwisha kutajwa, na mbali na wote. Kila seti ina mahususi, jumla na ndani. "Here" inachukua hapa, huku, humu. Yaliyobaki sita, yaani hapo, huko, humo, pale, kule na mle, yote yanaangukia kwenye "there" moja. Mfasiri asiyeuliza "there" ya wapi anaandika "pale" kila mahali, na maandishi yanakuwa na harufu ya tafsiri.

Mfano: maelekezo ya kufunga mashine yanasema "Open the cover. There are two screws in there. Remove them." Tafsiri mbovu: "Fungua kifuniko. Kuna skrubu mbili ndani pale." Nzuri: "Fungua kifuniko. Mna skrubu mbili, zifungue." Hiyo "mna" imemeza "there are" na "in there" kwa pamoja.

Barua pepe inayosema "How is the weather there?" ni "Hali ya hewa huko ikoje?", si kule, kwa kuwa huko ndiko aliko msomaji. Simulizi inayosema "She moved to Nakuru in 2010 and opened a shop there" ni "...akafungua duka huko", kwa kuwa Nakuru imeshatajwa. "Put it there" inategemea mkono wa msemaji: "Iweke hapo" kama ni karibu na unayeambiwa, "Iweke pale" kama ni upande wa tatu.

Kwenye simu, "Are you there?" ni "Upo?" "Is Asha there?" ni "Asha yupo?" Ukiandika "Asha yuko pale?" umeuliza kitu kingine kabisa. "I'll be there at eight" kwa kawaida ni "Nitafika saa mbili", na angalieni hiyo saa.

Kuna "there" ambazo hazitafsiriwi kwa mahali hata kidogo. "Hi there" ni salamu tu: "Habari", "Mambo". "There, there" ya kumbembeleza mtoto ni "Basi, basi, nyamaza". "There you are" inageuka kwa tukio: ukimkabidhi mtu kitu ni "Haya, chukua", ukimkuta uliyekuwa unamtafuta ni "Kumbe uko hapa!" Lakini "I disagree with you there" inakaa vizuri kwetu: "Hapo sikubaliani nawe." Lugha zote mbili zimechukua neno la mahali zikalitumia kwa sehemu ya hoja.

---

Mhariri wa Ripoti ameandika:

Asanteni sana, nimeshaanza kubandika kipimo cha swali kwenye maelezo ya pembeni. Mawili yamebaki. Kwanza, "there", "their" na "they're": programu ya kusahihisha tahajia inaziacha zipite. Pili, nimekuta "There comes the trainers" kwenye taarifa ya mafunzo. Ni wingi, kwa nini "comes"? Na mpangilio huo unaruhusiwa?

---

Mwalimu Darasa la Jioni amejibu:

Programu ya tahajia inazipitisha kwa kuwa zote tatu ni maneno halali. Zile zinazokagua sarufi hukamata baadhi, si zote. Kwa macho yako mwenyewe, fanya hivi: badilisha neno kwa "our". Sentensi ikisimama, ni "their". "Their seeds", "our seeds", sawa. Kisha jaribu "they are". Ikisimama, ni "they're". Zote mbili zikishindwa, ni "there". Tena angalia tahajia: "here", "there" na "where" zote zinaishia na "ere", na zote zinahusu mahali. "Their" ina "heir", mrithi, anayehusiana na umiliki.

Kwa matamshi ya kawaida zote tatu husikika sawa au karibu sawa, kwa hiyo sikio halitakusaidia. Ila sauti ya mwanzo ni dh ya dhahabu, wala siyo th ya thelathini. Anayesema "zea" au "dea" anaeleweka, lakini sauti sahihi tunayo tayari kwenye Kiswahili, haina haja ya kujifunzwa upya.

"There comes the trainers" ni kosa la wingi: "There come the trainers." Mpangilio unaruhusiwa, na hiyo ni "there" ya pale, yenye mkazo. Hutumika kwa kitu kinachoonekana muda huo huo: "There goes the bus." Kikitajwa kwa kiwakilishi, mpangilio unarudi: "There it goes", si "There goes it". Wakija upande wako ni "Here come the trainers." Kwenye taarifa ya maandishi mpangilio huu hauna kazi, kwa sababu msomaji haoni kinachopita. Andika "The trainers arrived at nine."

---

Mzee wa Kumbukumbu za Vikao amejibu:

Naomba nipingane kidogo na ukali wa wingi. Wenye lugha yao husema "There's two reasons" kila siku wanapoongea, tena watu waliosoma. Ukimsikia mtu akisema hivyo kwenye kikao, hana haja ya kusahihishwa. Lakini kwenye maandishi rasmi na mitihani andika "There are two reasons". Na hata katika mazungumzo, kinachovumiliwa ni ule mkato "there's". "There is two reasons" kwa kirefu inakwaruza.

Jambo lingine kwa mhariri: sentensi ikishakuwa sahihi, jiulize kama "there" inahitajika. Ripoti zetu zimejaa "There is a need to train farmers" ambayo ni "Farmers need training." "There were 40 farmers who received seeds" ni "Forty farmers received seeds." Iache pale inapotambulisha kitu kipya ambacho sentensi inayofuata itakieleza: "There is a borehole near the school. It was drilled in 2015 and serves two villages." Hapo imefanya kazi yake: imekileta kisima mbele ya msomaji kabla ya kukizungumzia. Ukiandika "A borehole is near the school", sarufi haina kosa, ila hakuna anayeandika hivyo.

Na kwa kuwa ripoti za miradi huambatana na mikataba, utakutana na "there" iliyounganishwa na kihusishi. Isome kinyumenyume na uweke "it" au "that": "thereof" ni "of it", "therein" ni "in it", "thereto" ni "to it", "thereafter" ni "after that", "thereby" ni "by that". "The agreement and the annexes thereto" ni mkataba na viambatisho vyake. "The land and the buildings thereon" ni ardhi na majengo yaliyo juu yake. "Thereafter" ni baada ya hapo, na hiyo pamoja na "thereby" ndizo zinazofaa kutumika nje ya mikataba bila kusikika kama hati ya mahakama. Angalia "thereof" kwa makini unapofasiri: "the price thereof" inaweza kuwa bei ya kitu kimoja au ya vitu kadhaa, na Kiingereza hakionyeshi ngeli ya kukuelekeza ni kipi. Rudi nyuma utafute nomino yenyewe. Kama ni mashine, "bei yake" inatosha. Kama vitu viwili vimetajwa kabla yake na vyote vinaweza kuwa na bei, muulize aliyeandika mkataba kabla hujaweka neno, au taja nomino waziwazi: "bei ya mashine", "bei ya vipuri".